Mfuniko wa Bawa la Kulia

Kilosa, Jumamosi alasiri

Mwanangu Zamda,

Usicheke. Najua umenizidi miezi mitano, na najua ukifika hapa utasema kwa sauti, "Mwanangu! Jamani, mtazameni huyu!" Lakini mama yako alikuwa dada yangu mkubwa, mimi ni kitindamimba wa bibi yako, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo upende usipende. Bibi ndiye aliyeniagiza niandike. Anasema alipoolewa akaletwa Kilosa, mama yake alimtafuta mwalimu wa shule akaandika barua ya kuondoka nayo. Naye alimwandikia mama yako alipokwenda kufanya kazi kwenye miwa kule Ruaha. Jana akaniuliza, "Zamda anaondoka na barua ya nani?" Nikasema mama yake hayupo. Akaniangalia kidogo. "Mama yake mzazi hayupo. Mama yake mdogo yupo hapa anachambua mchicha."

Kwa hiyo nimekaa barazani na daftari langu la Fizikia, lile lililobaki kurasa nyingi kwa sababu unazozijua. Wewe umekwenda kusukwa, na kwa nywele zako hizo hutarudi kabla ya magharibi. Ni vizuri hivi. Mambo ya mdomo unajua siyawezi.

Habari za maji ya kunywa, za kuficha simu, za nani umsalimie kwanza ukifika Dar na nani usimkopeshe kandambili, bibi ameshazisema tangu Jumatano na kesho alfajiri atazisema tena. Mimi nitaandika jambo moja ambalo hulijui. Mpaka sasa hivi ninavyoandika, bibi naye halijui. Nilipotoka Mikumi nilikuambia kibarua cha uwanja wa ndege kimeisha. Hakikuisha. Nilikimbia. Na Jumatatu hii kuna mzee atakaa mbele ya watu kujibu kosa ambalo nusu yake, labda zaidi ya nusu, ni langu. Wewe unakwenda kujifunza ufundi wa ndege. Sitaki uende kushika ndege za watu bila kujua mama yako mdogo aliiacha vipi moja.

Fundi Gervas nimeshakutajia, lakini nilikutajia vichekesho vyake tu. Ni Mkatoliki wa Ifakara, mfupi, ana miwani iliyofungwa kwa waya, na kabla ya kuja Mikumi alitengeneza ndege kubwa za abiria Dar miaka mingi. Pale kwenye uwanja mdogo wa hifadhi alikuwa peke yake na ile ndege ya watalii yenye propela moja. Mimi nilichukuliwa kubeba mizigo na kufagia. Siku ya kwanza nilimwamkia nikiwa nimeangalia chini. Akasema, "Marahaba. Lakini hapa ukiangalia chini, angalia kwa kazi. Okota lile jiwe." Ndiyo ikawa kazi yangu ya kwanza, kutembea uwanja mzima kila asubuhi naokota. Jiwe dogo likirushwa na propela linavunja kioo. Kwenye ndege kubwa, alisema, injini inavuta kama mtu anayekunywa uji kwa pupa, inavuta kokoto, inavuta kofia, na mtu akisogea inamvuta na yeye. Ile taa nyekundu inayowaka na kuzima ikiwa bado inawaka, husogei, hata kama bosi anakuita kwa jina.

Nilijifunza mengi kwa kumshikia ngazi tu. Jioni, ndege ikilala, tuliyazungushia matairi matawi ya miiba, maana fisi wa Mikumi wanapenda kutafuna mpira. Kile kimrija kidogo kinachopima kasi kwa kupokea upepo tulikivisha mfuko wenye utepe mwekundu. Ukikiacha wazi siku moja, nyigu wanajenga ndani kwa udongo, na kesho yake rubani anasomewa kasi ya uongo. Matambara aliyahesabu kabla ya kazi na baada ya kazi. Nilimuuliza tambara linaweza kufanya nini. Akasema, "Halifanyi kitu. Linakaa tu mahali ambapo kitu kingine kinatakiwa kipite."

Na kuna habari moja ya Dar aliyonisimulia mara tatu, mpaka nikadhani anasahau. Alikuwa akiizunguka ndege kubwa kabla haijajaza abiria, akapitisha kiganja karibu na mlango wa mizigo, akahisi bonde. Dogo, la kutosha gumba. Gari la kupandishia mizigo lilikuwa limeigonga, na kijana aliyeliendesha alikuwa amenyamaza, akijiambia ni kidogo. Lakini ndege kubwa ikiwa juu hujazwa hewa ili watu waweze kupumua. Ngozi yake inavimba na kunywea, kila safari, kama mpira. Palipobonyea ndipo patakapopasuka, leo au baada ya mwaka. "Yule kijana hakuwa mbaya," Fundi alisema. "Alikuwa na aibu tu." Sasa naona kwa nini alinisimulia mara tatu.

Zamda, nina mambo mawili ya kukueleza, na la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Mwezi wa kwanza tu, spana namba kumi ilipotea. Fundi ana sanduku ambalo kila kifaa kimechorewa umbo lake, kwa hiyo kikikosekana unaona kivuli kitupu. Mimi ndiye niliyeona kivuli. Watalii walikuwa wameshapanda. Nikamnong'oneza Fundi, naye akanyoosha mkono akamzuia rubani. Watu wakashushwa, wakasimama juani, tukafungua vifuniko vya injini, tukatafuta muda mrefu. Halafu nikaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli kutoa kitambaa nijifute jasho, nikaishika. Spana. Ilikuwa kwangu muda wote.

Rubani akacheka mpaka akashika magoti. "Kumbe mwizi ni mfuko! Dada, siku nyingine anza kujipekua mwenyewe kabla hujatupekua sisi." Watalii hawakuelewa lakini wakacheka pia. Fundi peke yake hakucheka. Alisema, "Amefanya sawa. Ndege imesimama, spana imeonekana, tunaondoka." Lakini mimi sikuyasikia ya Fundi, niliyasikia ya rubani. Nilijiapia moyoni kwamba sitakuwa tena mtu wa kusimamisha ndege. Nilijifunza kitu kibaya kutoka kwenye siku nzuri. Hilo nalo linawezekana, na hakuna aliyewahi kuniambia.

La pili ni la Ramadhani.

Mwezi mzima watu walikuwa wakiniuliza neno moja. Askari wa langoni, "Binti, umefunga?" Mama wa chai, "Umefunga au nikumiminie?" Fundi naye kila asubuhi aliniita jina, akaanza hivyo hivyo. "Sikudhani, umefunga?" Nikijibu nimefunga, anasema, "Haya. Wewe funga saumu, mimi nafunga nati, jioni tuone nani kachoka." Kila siku, na kila siku anacheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Siku yenyewe ilikuwa zimebaki chache kwa Idi, saa tisa mchana. Ilinyesha asubuhi, halafu jua likaja kali, na mdomo wangu ulikuwa umekauka kiasi kwamba ulimi ulinata. Mafuta ya ndege ile yanawekwa juu ya mabawa. Fundi alikuwa amemaliza bawa la kushoto, akaniambia nipande la kulia nishike bomba, yeye anapampu kutoka kwenye pipa. Tangi likajaa. Nikachukua mfuniko. Mfuniko wake unauweka, unauzungusha, halafu unaulaza ulimi wake mpaka ulie tik. Nikaona raba yake ina mchanga. Nikaupachika pale juu bila kuuzungusha, nikashuka kutafuta kitambaa kisafi.

Fundi alikuwa upande wa pili wa ndege, hanioni, namwona miguu tu. Nikasikia sauti yake.

"Sikudhani! Umefunga?"

"Nimefunga, mzee."

"Safi."

Sikudanganya. Nataka ujue hilo. Kichwani mwangu aliniuliza habari ya saumu, nikamjibu habari ya saumu, kwa adabu na kwa sauti ndogo kama kawaida yangu. Akaja, akaikunja ngazi, akaondoka nayo. Yeye huwa anapanda kuangalia, hata kama aliyefunga ni yeye mwenyewe. Lazima aone kwa jicho na aguse kwa mkono. Siku ile askari alipiga filimbi kwamba nyumbu wameingia kwenye njia ya kurukia, abiria walikuwa wameshapanda, rubani alikuwa akiangalia saa, na Fundi akapanda pikipiki kwenda kuwafukuza.

Nikabaki nimesimama na kitambaa mkononi. Neno lililonishtua ni lile la mwisho. Safi. Kwa nini aseme safi kwa sababu mimi nimefunga saumu? Hajawahi kusema safi. Ngazi ilikuwa imelala kwenye majani. Propela ikaanza kuzunguka, taa nyekundu ikaanza kuwaka. Kusogea siwezi, na sauti yangu hata bila injini haifiki popote. Lakini iko ishara. Unapishanisha mikono juu ya kichwa, hivi, na rubani akiiona lazima asimame, hata kama aliyeitoa ni mfagiaji. Fundi alinifundisha wiki ya kwanza. Alinifanyisha mara kumi mbele ya stoo mpaka tukacheka.

Nilinyanyua mikono, Zamda. Ilifika kifuani. Nikafikiri, kama alisema safi kwa ajili ya saumu? Kama aliufunga yeye na mimi sikuona? Watashuka wote tena, watasimama juani, na rubani ataniuliza leo nimeficha nini mfukoni. Rubani alikuwa ananiangalia. Mikono ikaishia kwenye mtandio. Nikautengeneza mtandio ambao haukuwa na tatizo lolote, na ndege ikaenda.

Juu ya bawa hewa inavuta. Ndiyo inayosaidia kuinyanyua ndege, na ndiyo hiyo inayonyonya mafuta kama mfuniko haujashika. Kulikuwa na mama mmoja wa Kitanzania amekaa dirishani upande wa kulia, anasafiri na mumewe. Aliona kama ukungu mweupe unatoka nyuma ya bawa. Hakujua chochote kuhusu ndege. Aliona kitu hakimkalii vizuri, akanyoosha mkono akamgusa rubani begani. Rubani akageuza. Zilipita kama dakika kumi tangu waondoke, nami niliusikia mlio wa injini ukirudi kabla sijaiona, nikajua.

Walitua salama. Hakuna aliyeumia. Nilikaa chini kwenye majani.

Fundi alipanda ngazi mwenyewe. Mfuniko ulikuwa unaning'inia kwenye mnyororo wake. Akaushika muda, akashuka, akamwambia rubani mbele ya watu wote, "Ni mimi. Sikupanda kuangalia." Rubani akasema maneno ambayo siyaandiki. Fundi alimwacha amalize. Alipokuja nilipokaa, nilifungua mdomo. Akaniwahi. "Nenda nyumbani, binti. Futari inakaribia."

Nikasema, "Ndiyo, mzee." Hayo tu. Nikaenda kwa shangazi pale Mikumi mjini, nikafungasha nguo, kesho yake nikaja Kilosa, na wewe ukanipokea na tende.

Mara moja baada ya hapo nilikaribia kukuambia. Ni siku ulipopata barua ya chuo. Nitakuwa mkweli, nilikuonea wivu siku mbili nzima. Mimi ndiye niliyekuwa naota ndege, mimi ndiye niliyekuja na habari za matairi na miiba, wewe ukazisikiliza ukila mahindi, na halafu wewe ndiye mwenye alama za Fizikia. Siku ya tatu wivu uliisha, kikabaki kitu kizito zaidi. Niliwaza, anakwenda akidhani nilivyomsimulia ndivyo vyote.

Jumatano Fundi alipiga simu. Nilitoka nje hadi kwenye migomba ndipo nikapokea.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Huku mvua zimekatika. Fisi wamekula tairi la mbele, aliyewekwa pale hajui kupanga miiba." Akacheka kidogo. Halafu akasema, "Nimekupigia usije ukasikia kwa watu. Jumatatu naitwa kueleza habari ya mfuniko. Wakiona nimezembea, sitasaini ndege tena. Si neno, nimesaini nyingi. Wameuliza kama kulikuwa na mtu mwingine pale kwenye ngazi. Nimewaambia nilikuwa peke yangu."

"Fundi, mimi..."

"Wewe ni sawa na mjukuu wangu. Tafuta chuo usome."

Akakata. Kumbe anakumbuka. Anakumbuka aliuliza, na anakumbuka nilimjibu nini, na ameamua kulimeza.

Tangu Jumatano sijalala vizuri, na nimelifikiri kila upande. Mwanzoni niliona ni huruma yake na niipokee. Ni mtu mzima, amesema mwenyewe, nani mimi wa kumkosoa. Lakini angalia kitakachotokea. Wataandika kwamba mzee alisahau. Watamtoa, watamweka kijana mwenye macho mazuri. Na Ramadhani ijayo huyo kijana atakuwa upande mmoja wa ndege na msaidizi wake upande mwingine, atauliza, "Umefunga?" na atajibiwa, na hakuna atakayejua kwamba neno hilo limeshawahi kukaribia kuua watu. Fundi ananiokoa mimi, na ukweli anaufunika. Kama yule kijana wa gari la mizigo. Bonde lipo, ila hakuna anayelipitishia kiganja.

Wewe si kama mimi, na hilo ndilo linalonipa taabu katika kukushauri. Mimi niliharibu kwa kunyamaza. Wewe hujawahi kunyamaza tangu uzaliwe. Wewe unajibu kabla swali halijaisha. Bibi akisema "Zamda, ume..." wewe umeshasema "Ndiyo bibi!" na chungu kinaungua. Kosa lako halitafanana na langu, litatoka kwenye ulimi mwepesi. Kwa hiyo sikuambii uwe jasiri, ujasiri unao wa kugawa. Nakuambia kile tu ambacho ningependa ningekuwa nacho saa tisa ile: taja kitu kwa jina lake. Usiseme nimefunga. Sema nimefunga mfuniko wa mafuta wa bawa la kulia. Mtu akikuuliza umemaliza, muulize umemaliza nini. Watakuona mjinga. Watakuita mwalimu, watakuita mbishi wa Kilosa. Waache. Na kama huna uhakika, sema sina uhakika, kwa sauti hiyo hiyo yako inayosikika mpaka kwa jirani.

Na siku utakaposimamisha ndege ikaonekana hakuna kitu, ukachekwa, njoo uniambie mimi. Nitakuambia alichosema Fundi, na nitakisema mara nyingi mpaka ukisikie kuliko kicheko. Mimi hakuna aliyenifanyia hivyo kwa sababu sikumwambia mtu. Nilikuja nyumbani na spana yangu moyoni.

Nasimama kidogo. Kuna kitu siwezi kukuandikia kabla sijakifanya.

Nimerudi. Nimekwenda jikoni nikamwambia bibi yako.

Alikuwa anapepeta mchele. Nilianza kwa kuangalia ungo, nikamaliza kwa kuangalia ungo. Nilipofika pale pa "nimefunga, mzee," akaacha kupepeta.

"Subiri. Yeye anauliza mfuniko, wewe unamjibu saumu?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka. Zamda, alicheka mpaka akaweka ungo chini na kujifuta macho kwa upindo wa kanga. "Uwiii! Na hiyo saumu yako ilipokelewa kweli, au nayo ilivuja?" Nikaanza kucheka na mimi, na katikati ya kicheko nikalia. Hapo yeye akanyamaza. Akaniuliza huyo mzee ana watoto, nikasema anao, wakubwa. Akaniuliza watu wa kwenye ndege wako wazima, nikasema wazima. Akachukua tena ungo.

"Sasa mtu anakubebea neno lako miezi mitatu, na wewe uko hapa unachambua mchicha?"

"Amesema nisiende, mama. Amesema nisome."

"Huyo amesema la kwake, kwa wema wake. La kwako liko wapi?"

"Naogopa. Watakuwa watu wengi. Wanaume, wenye tai."

"Ogopa," alisema. "Ogopa ukiwa kwenye gari, una safari nzima ya kuogopea. Ukishuka, iwe mwisho." Halafu akaniambia nikaanike baibui jeusi lipigwe na upepo, na kwamba akisikia nimeongea ndani ya mtandio atakuja Mikumi mwenyewe, na yeye akija huko mimi namjua. Sikutegemea kwamba ingekuwa hivyo. Nilidhani atanipiga au atanionea huruma. Aliniona tu kama mtu mwenye kazi ambayo haijaisha.

Baada ya hapo nikampigia Fundi, hapo hapo kabla mikono haijapoa. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja ili nisipoteze.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Jumatatu nakuja. Nitasema uliniuliza kuhusu mfuniko wa bawa la kulia nikajibu kuhusu saumu. Nitasema niliujua wasiwasi wangu kabla ndege haijaondoka nikanyamaza."

Nikasikia anavuta kiti, akakaa.

"Mimi bado sikupanda kuangalia," akasema. "Hilo halitabadilika."

"Siji kulibadilisha. La kwako sema wewe. Mimi nakuja kusema la kwangu."

Sijui nilipata wapi maneno hayo, kwenye kiganja hayakuwepo. Nikamsikia anakohoa, kile kikohozi chake anachokohoa akivua miwani.

"Wanaweza kukuandika vibaya, Sikudhani. Huko mbele ukitafuta kazi za ndege wakaliona jina lako."

"Najua."

"Unajua?"

"Nimelifikiria tangu Jumatano."

"Kikao ni saa tatu asubuhi," akasema. "Ofisi ile ya pembeni ya barabara kuu. Usichelewe, hawa wanafunga..." Akasita. Halafu akasema polepole, kama mtu anayeweka kikombe kilichojaa, "Wanafunga mlango wa ofisi." Na tukacheka wote wawili, yeye kwa sauti, mimi kidogo.

Sijui watasema nini. Huenda watamwacha Fundi aendelee, huenda watamtoa, huenda watatulaumu wote wawili na kuandika kwa kalamu nyekundu. Nimeshajaribu kuyafikiri yote na yote nayaweza, isipokuwa lile la kukaa hapa Jumatatu saa tatu nikiangalia saa. Hilo siliwezi.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unambishia mtu bei ya rasta, kwa hiyo nafunga barua. Unaona? Nafunga barua, nimetaja.

Sitakupa leo. Nitaiweka kwenye mkoba wako chini ya vile viatu vipya, uikute Dar, ili usinikumbatie barazani mbele ya watu na kupiga kelele. Kesho basi lako linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Gari langu la Mikumi linajaza upande wa pili wa stendi, saa hiyo hiyo, nikalale kwa shangazi niwahi Jumatatu, na utakuwa umeshaniuliza naenda wapi na baibui la sikukuu, nami nitakuwa nimekujibu kwa kifupi, na utakuwa umekasirika. Samahani kwa hilo. Bibi atasimama katikati yetu. Ukimwona anakupungia mara moja halafu anageuka haraka, usidhani amekuchoka. Ana mtoto mwingine anayeondoka.

Mama yako mdogo,
Sikudhani